Wakuu, kipimo cha moyo cha bi mkubwa kimetoka 410 hadi 2,340, nifanyeje?

Mleta uzi: Wakuu naombeni ushauri, usiku sijalala kabisa. Bi mkubwa ana miaka 71, mwezi uliopita miguu ilivimba ukibonyeza kidole panabaki shimo, analalia mito mitatu la sivyo pumzi inakata. Damu ikaja BNP (kipimo cha damu cha kuona moyo umeelemewa kiasi gani) 410, eko, ile picha ya moyo ya ultrasound, ikasema moyo hausukumi vizuri, akaanzishiwa dawa za moyo na Lasix ya kukojoza maji. Juzi tumerudia maabara nyingine hapa karibu na home, 2,340!! Na mwenyewe anasema yuko fresh, miguu imenywea, mto ni mmoja. Sista wangu anataka tuache dawa twende kwa mtu wa mizizi.

Kibuyu Kikavu: Soma karatasi ya pili vizuri mkuu, ni BNP au NT-proBNP?

Mleta uzi: Duh. NT-proBNP. Si ndo hiyo hiyo?

Nesi wa Zamu: Siyo. Misuli ya moyo ikivutwa na kuelemewa inatoa proBNP, inakatika vipande viwili, BNP na NT-proBNP. BNP ndo homoni yenyewe, inakojoza chumvi na maji na kulegeza mishipa, nusu yake inaisha kwenye damu ndani ya dakika 20 hivi. NT-proBNP haina kazi ila inakaa saa moja hadi mbili, ndo maana namba yake inakuwa kubwa. Hapo umelinganisha shilingi ya Kenya na ya kwetu. Kwa mgonjwa wa kutembea madaktari wanaanza kushuku moyo kushindwa kazi BNP ikifika 35, NT-proBNP 125, so zote mbili ziko juu lakini huwezi kusema imepanda. Na figo mmecheki? Kreatinini (kipimo cha damu cha figo) ikiwa mbaya hiyo namba inapaa, umri nao unapandisha, mapigo ya ovyo ovyo pia. Wanene ndo kinyume, inakuja ndogo inakudanganya.

Mtoto wa Mjini: kitunguu swaumu na asali asubuhi mkuu, utanishukuru

Kibuyu Kikavu: Wewe nawe 😂

Nesi wa Zamu: Dawa msiache hata siku moja bila daktari kusema. Mpimeni uzito kila asubuhi akishatoka kukojoa kabla ya chai, ikiongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku tatu mrudisheni, msisubiri kliniki. Na kipimo rudieni kilekile, maabara ileile.

Mleta uzi: Nimemsomea sista haya yote, kanuna. Mizani nimeazima kwa jirani, leo 68.5.

Kibuyu Kikavu: Andika ukutani hiyo.