Naomba ushauri: kuongoza Zaburi 13 kwa watu waliochoka

Bwana asifiwe, wapendwa. Naomba ushauri juu ya kuongoza ibada ya nyumbani, dakika 40 hivi, kwa waliofiwa, wagonjwa na waliopoteza kazi. Nafikiria Zaburi 13, yenye mistari 6 tu. Mstari wa 1 na wa 2 ni malalamiko, "hata lini" mara nne. Wa 3 na wa 4 ni ombi. Wa 5 na wa 6 ni tumaini.

Kinachoharibu mara nyingi ni haraka. Kiongozi akirukia mstari wa 5, aliyeumia huona kilio chake kimezibwa kwa jina la imani. Lakini zaburi hii inamlalamikia Mungu mwenyewe, na huko tayari ni kumwelekea. Kwa hiyo nusu ya muda iwe ya mistari miwili ya kwanza: kila mmoja aandike "hata lini" yake, kisha kimya dakika 3.

Asiyeweza kutamka mstari wa 5, mwenzake amsomee? Na Zaburi 88, inayoishia gizani, ifuate wiki ya pili au ni mapema mno? Mliokaa na wafiwa, nisaidieni hasa hapo.