Naenda misheni miaka 2, mazoezi nitafanyaje?

winga_wa_kushoto: Habari zenu wadau. Nimepata wito wa umisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, naenda kutumikia Zambia, misheni ya Lusaka. Sasa mi ni mtu wa mpira, na kila asubuhi lazima nikimbie. Naambiwa kuamka ni saa 12 na nusu, mazoezi nusu saa tu, baada ya hapo kuoga, kula, kusoma maandiko halafu barabarani mpaka jioni, na saa 4 na nusu usiku taa zimezimwa. Nusu saa itatosha kweli? Na nikipewa mwenzi (mmisionari wa kuwa naye muda wote) asiyependa mbio inakuwaje maana kutoka peke yako hairuhusiwi? Wito nimeungoja kwa hamu sana ila sitaki kurudi pumzi imekata.

mzee_wa_kampala: Hongera sana mdogo wangu! Mi nilitumikia Uganda. Nusu saa inatosha, mradi uianze saa 12 na nusu kweli, ukisinzia kidogo tu kitandani imeshaondoka. Nunua kamba ya kuruka, haichukui nafasi kwenye begi, ruka dakika 3 pumzika 1, rudia mara 4, kisha pushapu, skwati na tumbo. Vyuma hamna, sisi tulijaza maji madumu ya lita 5, kila mkono dumu moja, hizo ni kilo 5 na likikuzidi unamwaga kidogo. Kuhusu mwenzi, tafuteni uwanja wa shule, wewe zunguka yeye abaki katikati na mazoezi yake mepesi, mnaonana muda wote. Ongea naye mapema na kwa upole, wenzi wanabadilika na si kila mtu ana mwili wa mpira. Siku ya maandalizi, ile moja ya wiki ya shughuli zenu binafsi, mkishafua na kwenda sokoni ndo mnacheza, ila usiingie miguu kama fainali, ukiumia goti yeye naye anakaa ndani na wewe. Kuogelea sahau kabisa, hairuhusiwi.

dada_arusha: Mzee kasema vizuri, mi naongezea chakula. Sisi madada tunatumikia miezi 18 na wengi niliokuwa nao walinenepa kwa ukarimu wa watu, mazoezi walikuwa wanafanya! Jioni moja mnaalikwa nyumba 2, na huko Zambia nshima, ugali wao, inapakuliwa si mchezo. Halafu wenyeji wakishajua hamnywi chai wala kahawa kwa ajili ya Neno la Hekima, sheria ya afya ya kanisa letu, mtoto anatumwa mbio dukani akalete soda, na kuikataa ikishafunguliwa ni aibu kwa mama wa watu. Kwa hiyo ukikaa tu omba maji, useme una kiu sana. Nshima mega kidogokidogo, mboga ndo ongeza, na uisifie, atafurahi kuliko ukimaliza sahani.

mama_elda: Wanangu, kuna na wanaokonda. Wangu akipiga video Jumatatu naona mashavu yameingia, kumbe anatembea juani kutwa na asubuhi anaruka kifungua kinywa ili awahi kusoma. Mwanangu kunywa uji, kula mayai, beba chupa ya maji. Jumapili ya kufunga usikimbie, nyoosha viungo inatosha. Na ukiona suruali zinakuvuka mwambie mke wa rais wa misheni (kiongozi wa wamisionari wa huko) mapema, usimfiche, na mama yako pia usimfiche.

winga_wa_kushoto: Asante sana mama, asanteni wote. Kamba nanunua wiki hii. Mzee, viatu vya mazoezi nibebe pea ngapi?

mzee_wa_kampala: Moja. Hela iliyobaki weka kwenye viatu vya kutembelea, soli nene, vya kushonwa, hivyo ndo utakaa navyo kutwa.