Nimepimwa bakteria wa tumboni nikaambiwa niache maharage, naombeni ushauri

Mtoa mada: Habari wakuu, tumbo linajaa gesi kila siku, nikatuma sampuli ya choo ikapimwe nje, majibu yamekuja kwenye simu kwamba bakteria wazuri ni wachache, niache maharage na dona, ninunue probayotiki (vidonge vya bakteria wazuri) za miezi 3. Bei imesimama kweli. Ninunue?

Mangi: Rudi kwenye chakula cha bibi mkuu. Jarida la kitabibu la Nature Medicine la 2025 lina utafiti wa kwetu Kilimanjaro, watu wa ndizi, kunde na mboga wamelishwa kizungu wiki 2 tu, viashiria vya inflamesheni (uvimbe wa ndani ya mwili) kwenye damu vikapanda. Na mbege, pombe yetu ya ndizi, ilifanya vizuri! Bibi yangu alikunywa hadi uzeeni.

Dada Lishe: Habari za mbege hajauliza. Nyuzinyuzi ndizo chakula cha hao bakteria, sasa unawanyima maharage halafu waongezeke vipi? Na vidonge, kuna utafiti wa Israel 2018, watu waliotoka kwenye antibayotiki wakameza probayotiki, bakteria wao wenyewe wakachelewa kurudi kuliko wa wale wasiomeza kitu. Unatumia dawa gani?

Mtoa mada: Za kawaida tu.

Dada Lishe: Zipi?

Mtoa mada: Metformini, nina sukari. Ila nimeacha baada ya majibu, nilisoma inabadilisha bakteria. Sijakurupuka, nimesoma sana, sukari haijapanda kivile, na vidonge nimeshalipia nusu.

Dada Lishe: Ni kweli inabadilisha, ndiyo maana hayo majibu hayasomeki bila kujua unameza nini. Na gesi ni madhara yake yanayojulikana, daktari anaweza kupunguza dozi au kukupa ile inayoyeyuka polepole. Siyo kuacha mwenyewe!

Mzee Baba: Shemeji yangu aliacha dawa akanywa majani, leo ana mguu mmoja. Vijana mnaamini simu kuliko daktari.

Mpelelezi: Hii chai, stori ya kutunga. Akaunti mpya, subirini atabandika namba ya kuagizia vidonge.

Mtoa mada: Hata jina la vidonge sijataja, nauza nini?

Mangi: Weka picha ya majibu basi, jina ficha.

Mtoa mada: Siwezi, yana mambo yangu.

Mpelelezi: Si niliwaambia.

Dada Lishe: Iwe chai isiwe chai, kuna mwenye sukari anasoma hapa na yeye kaacha dawa. Mtoa mada, leo imesoma ngapi?

Mtoa mada: 14.2

Dada Lishe: Ulikuwa umekula?

Mtoa mada: Bado.

Dada Lishe: Nenda kliniki sasa hivi, na boksi la dawa ubebe.