Mrejesho: Nafasi za sera za sayansi kwa mwenye shahada ya uzamili

Wakuu, niliuliza kama shahada ya uzamili inatosha kuomba nafasi za sera za sayansi na teknolojia (wanasayansi na wahandisi kufanya kazi serikalini kwa muda) za AAAS, chama cha kuendeleza sayansi cha Marekani, au ni lazima udaktari. Asanteni sana kwa majibu.

Inatosha, ila iwe ya uhandisi, pamoja na miaka 3 ya kazi ya taaluma baada ya kuipata. Kazi ya kabla ya shahada haihesabiwi, na wengi hukwama hapo. Uraia wa Marekani ni sharti. Barua za wadhamini ni 3; waombeni mapema, maana mdhamini mwenye haraka huandika sifa za jumla zisizosaidia.

Kazi kubwa, kwa maoni yangu, ni waraka mfupi wa sera unaoandikwa katika mchujo, yaani andiko la kumshauri mtunga sera hatua ya kuchukua. Mtafiti amezoea kuanza na usuli, kisha mbinu, na pendekezo linakuja mwishoni. Geuzeni mpangilio: sentensi ya kwanza itaje nani afanye nini, ndipo zifuate sababu, gharama na hoja za watakaopinga. Istilahi za maabara ziondoeni kabisa. Pendekezo la “utafiti zaidi ufanyike” halimpi mtunga sera chochote cha kuamua.