Riwaya ya fantasia: nibuni nchi mpya au niichukue Kilwa yenyewe?

Mwanakusi (Lindi mjini)
Wakuu, habari za jioni. Mwaka na nusu sasa naandika riwaya ya fantasia, nimekwama sura ya tatu. Nimejaribu njia mbili. Moja, nchi ya kubuni niliyoiita Zandoria. Ya pili, Kilwa Kisiwani karne ya 14, jumba la sultani, Husuni Kubwa, linajengwa, nikaingiza uchawi. Zandoria inanipa uhuru, ila kila nikitaja chakula au sarafu lazima nieleze, hadithi inasimama. Ipi ina nafuu?

Korosho Mbichi (Newala)
Chukua Kilwa, ndugu yangu. Vitu viko tayari: sarafu za shaba zilizopigwa palepale, dhahabu kutoka bandari ya Sofala huko kusini, bwawa la pembe nane ndani ya Husuni. Masimulizi ya kale yanasema kisiwa kilinunuliwa kwa nguo, ikatandazwa mpaka ikakizunguka. Ubuni nini zaidi ya hapo?

Wa Mikindani
Mimi napinga. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 na akaandika habari za sultani wake. Ukimweka sultani huyo kitabuni, wanaojua historia watakubana kila ukurasa. Yalinikuta: miezi mizima natafuta watu walivaa nini, riwaya ikalala. Nikabuni mji wangu, lakini nikaupa upepo wa kwetu. Kaskazi inaleta majahazi, kusi inayarudisha, na aliyekosa kusi anasubiri miezi. Basi nikamchelewesha mhusika wangu siku moja tu bandarini, nikapata sura nne. Uchawi wako nao uwekee masharti ya namna hiyo. Mganga akiweza kila kitu, msomaji hana cha kuhofia.

Korosho Mbichi
Hapo kwenye masharti nakuunga mkono.

Bi Mkubwa wa Shangani (Mtwara)
Wanangu, Mwanakusi alinitumia sura zote nne, mbili za Zandoria na mbili za Kilwa. Zandoria inaanza hivi: "Ulikuwa ufalme wenye nguvu kubwa za kichawi." Ya Kilwa: "Fundi alichovya kidole kwenye chokaa mbichi, ukuta ukavuta pumzi." Hii ya pili niliirudia mara tatu. Mwanangu, kwenye Zandoria umesimama mbali, unaniambia. Kwenye Kilwa umeingia ndani ya fundi. Mcheza mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde, huona kupitia mdomo wa kinyago, kwa kitundu kidogo, na anacheza. Nawe niwekee macho ya huyo fundi tu. Ya ikulu asiyoyaona yeye, nisiyaone.

Mwanakusi
Shikamoo mama. Nimekaa na maneno yako tangu jana. Zandoria naiweka kando, nabaki na fundi. Sultani nitambuni mwenyewe, Wa Mikindani kanisaidia sana hapo. Sasa fundi wangu anaitengenezaje chokaa?

Bi Mkubwa wa Shangani
Marahaba. Matumbawe hupangwa juu ya rundo la kuni, yakachomwa mpaka yakawa meupe. Kisha humwagiwa maji, na hapo huchemka yenyewe bila moto. Anzia hapo, yanapochemka.