Naomba ushauri: hedifoni za waya kwenye simu isiyo na tundu

Hamjambo ndugu zangu. Niko Kondele, Kisumu, na nafundisha kwaya. Kila wiki nasikiliza rekodi za mazoezi nikitenganisha sauti ya tatu na ya nne, na kwa kazi hiyo hedifoni zangu za waya hazina mfano. Bluetooth kwa kusikiliza tu ni sawa, lakini nikirekodi sauti yangu juu ya kinanda, inanifikia imechelewa na mdundo unapotea.

Sasa simu yangu mpya haina tundu la milimita 3.5, ina USB-C peke yake. Adapta niliyonunua pale steji inatoa sauti kwenye simu ya dada yangu, kwangu kimya kabisa. Fundi alinieleza kwamba ziko aina mbili: moja hupitisha tu sauti ya analogi inayotoka kwenye simu yenyewe, na kuna simu zisizoitoa. Nyingine ina chipu ndani, DAC, inayogeuza sauti ya kidijitali ya simu kuwa ya analogi, ile hedifoni zinayoweza kuicheza. Hiyo ndiyo naihitaji.

Naombeni: nitaitambuaje yenye chipu kabla ya kulipa, maana pakiti nyingi hazisemi lolote? Na kuna anayetumia ile yenye matundu mawili, ya chaji na ya hedifoni, isiyoleta mvumo chaji ikiingia? Mazoezi ya Jumamosi ni marefu na betri haivumilii. Walio Kisumu, nielekezeni duka linalokubali mtu ajaribu kwanza kwa simu yake.