Kurasa za serikali za mitaa zimegeuka albamu ya viongozi, ukiuliza swali unapigwa bloku

Wakuu habari za muda huu, nimeshindwa kuvumilia ikabidi nifungue uzi. Hizi kurasa za serikali za mitaa huko Facebook na Instagram ni za nani hasa?? Kiongozi anakata utepe, kiongozi meza kuu, kiongozi anapokea cheti, shuka sasa kwenye komenti uone watu wanauliza maji yanarudi lini, mkandarasi wa barabara kaenda wapi, mbona takataka hazizolewi, na hakuna anayejibu hata mmoja, ukikomaa kuuliza komenti inafutwa, ukirudia unapigwa bloku kabisa.

Hii ya bloku ndo inaniuma zaidi. Ukurasa wa ofisi ni mali ya umma sio simu ya mtu! Marekani jambo hili lilifika mpaka Mahakama ya Juu, meneja wa mji wa Port Huron alimbloku mkazi aliyekuwa anamkosoa Facebook, na Machi 2024 majaji wakasema afisa mwenye mamlaka ya kuisemea serikali, akiposti kwa mamlaka hayo, katiba inambana hata kama akaunti ni yake.

Tovuti ndo usiseme. Bajeti imeskaniwa kichwa chini, huwezi kutafuta neno wala kukopi namba. Tangazo la mkutano wa maoni linapandishwa mkutano umeshaisha, halafu ripoti inaandikwa wananchi walishirikishwa. Kushirikishwa kupi? Mtafiti wa Marekani Sherry Arnstein mwaka 1969 alichora ngazi ya ushiriki yenye vidato 8, kupewa taarifa tu akakuweka cha tatu kutoka chini, na sisi hata hiyo taarifa inatufikia imechacha.

Na msituambie teknolojia ni ghali. Uingereza tovuti ya FixMyStreet ipo tangu 2007, unaripoti shimo, linapelekwa halmashauri husika na kila mtu anaona kama limezibwa au bado. Madrid walipoanzisha Decide Madrid 2015, jukwaa la mtandaoni la wananchi kutoa mapendekezo na kupiga kura, programu yake wakaiacha wazi, mji wowote unaichukua bure. Tatizo ni kwamba anayeshika ukurasa ni kijana wa kupiga picha, hana ubavu wa kumwambia injinia "mkuu watu wanasubiri jibu", na hakuna bosi aliyempa huo ubavu.

Maafisa habari najua mpo humu mnasoma kimya kimya. Tuambieni leo, nani kawakataza kujibu?